Kilima Ambacho Sikukipima

Mwanaidi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nyumbani Dunda, Bagamoyo, nachambua mchele. Hakuzunguka. "Shikamoo dada. Baba ametutoka alfajiri, tunazika leo baada ya adhuhuri. Mama amesema wewe uambiwe mapema." Nilimwitikia, nikamtaja Mungu kama inavyopasa, kisha nikakaa na ungo mapajani mpaka simu ilipozima yenyewe. Maziko sikuyawahi. Nilifika Miono siku ya hitima, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ambayo nimeyapanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee Shomari hakuwa ndugu yangu wa damu. Niliishi kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu hapo alinitambulisha kwa kila mgeni kama binti yake mkubwa. Mwanaidi, binti yake aliyezaliwa baada ya mwaka ule, alikua akiniita dada bila kuuliza undugu ulitoka wapi. Ulitoka kwenye mawe. Na kuna sehemu ya habari hiyo ambayo mzee amekwenda kaburini bila kuijua.

Sitaanza na kwetu wala na wazazi wangu, hao hawahusiki. Naanza na chumba. Kilikuwa upande wa jikoni, cha udongo, na kitanda cha kamba, magunia ya mahindi yaliyopangwa hadi usawa wa kifua, na dirisha dogo la mbao lililofungukia barazani. Kutoka kitandani niliweza kusikia kila neno lililosemwa nje, na wanaume waliokaa pale walisahau upesi kwamba kuna mtu ndani. Chini ya kitanda niliweka sampuli zangu, kila jiwe limefungwa kwenye gazeti na kuandikwa namba. Bi Tatu, mke wa Mzee Shomari, alipokuja kufagia aliinama, akatazama, akasema, "Wenzio huweka akiba ya mahindi. Wewe mwanangu unaweka akiba ya mawe." Kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepangwa kumsaidia mtaalamu wa miamba, Bwana Rajabu, aliyekuwa anachora ramani ya mawe ya eneo lile. Yeye alipewa chumba kwenye nyumba ya mwalimu mkuu. Mimi, kwa kuwa ni msichana, wazee wa kijiji waliona nikae kwenye nyumba yenye mama.

Miamba ya kule si kama ya kwetu pwani. Pwani tuna mchanga na matumbawe, vitu ambavyo hata mtoto anajua vimetoka baharini. Miono ukipanda vilima unakutana na mawe yenye mistari, mweusi kwa mweupe, yanayometameta kwa ulanga, mengine yana vidonge vyekundu mithili ya punje za mtama. Hiyo ndiyo miamba geuzi. Ilikuwa kitu kingine, ikazikwa chini sana, ikakandamizwa na kupata joto kwa muda ambao akili haiushiki, hadi chembe zake zikajipanga upya na kuwa madini mengine. "Bila kuyeyuka," Bwana Rajabu alipenda kusisitiza. "Likiyeyuka hiyo ni habari nyingine. Hili lilibaki gumu muda wote, na bado likageuka." Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyobabuka kwa jua, na hakuwa na haraka hata kidogo. Siku moja alinikalisha mbele ya mawe mawili yaliyofanana kwa kila hali, akaniuliza tofauti. Sikuiona. Akaniambia nihesabu vidonge vyekundu, nitazame ulanga ni mwingi kiasi gani, kisha nirudi kule yalikotoka nione kila moja limelala vipi na majirani zake. La kwanza lilikuwa na ulanga tele na vidonge vingi, na lilifuatana tabaka kwa tabaka na mawe mengine. Lile lilikuwa tope, tope la kawaida lililotuama majini. La pili lilikuwa na chembe za waridi, ulanga haba, na lilikuwa limepenya kati ya majirani zake bila kufuata tabaka lolote. Hilo lilikuwa mwamba wa moto, ulioganda chini ya ardhi kabla haujageuzwa. "Sura inakudanganya," alisema. "Mawe yakishapikwa pamoja yanafanana. Kazi yetu ni kujua lilikuwa nini kabla."

Mawe meupe yalikuwa somo la peke yake. Kulikuwa na marumaru, ambayo asili yake ni chokaa iliyotuama chini ya bahari ya zamani mno, na kulikuwa na kwatzi iliyotokana na mchanga mtupu. Ukiyatazama juani yote ni meupe na yote yanang'aa. Lakini ukidondoshea tindikali, marumaru yanachemka na kutoa povu, kwatzi inakaa kimya. Ukipitisha kisu, marumaru yanakwaruzika, ila kwatzi inakula chuma cha kisu na kubaki na mstari wa kijivu. Vipimo viwili, dakika moja. Bwana Rajabu alinikabidhi kichupa cha tindikali chenye kifuniko cha mpira, akaniambia nisiandike jina la jiwe jeupe lolote kabla sijaliuliza.

Mzee Shomari alifuatilia mambo haya kuliko mtu yeyote pale kijijini. Yeye alikuwa mtu wa Mlingotini, kule pwani, na ujanani alikuwa mchoma chokaa. Alijua kupanga magogo kwa duara, kumwaga matumbawe juu yake, na kukadiria upepo, hadi mawe yakatoka laini kama unga wa muhogo. Alipomwoa Bi Tatu akahamia kwao na kushika jembe, maana Miono hakuna matumbawe. Jioni tulikula pamoja, mara nyingi bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu, au dagaa aliyeletwa kutoka mjini, na yeye alikuwa anashikilia tonge mkononi huku ananiuliza. Nilipomwambia kwamba marumaru nayo ni chokaa ya baharini, na kwamba yakichomwa yanatoa chokaa kama matumbawe, aliliweka lile tonge chini. "Yaani bahari ilifika huku?" Nikamjibu ilifika, zamani sana, kabla hakujawa na samaki. Alimtazama mkewe kama mtu aliyepewa habari ya ndugu aliyepotea. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala, niliwasikia wakizungumza jikoni. "Msikiti tungeupiga chokaa sisi wenyewe," alisema. Bi Tatu akasema, "Umeanza." Akajibu, "Nimeanza nini? Si kazi yangu hiyo?" Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu mdogo zaidi ya umri wake.

Marumaru tuliyokuwa tumeyapima yalikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na hakukuwa na njia ya kuyabeba. Lakini nyuma ya kijiji kulikuwa na kilima kidogo chenye jiwe jeupe mgongoni, na Bwana Rajabu alinituma nikakipime peke yangu siku ambayo yeye alikuwa na kazi kwingine. Nilipofika mguuni mwa kilima niliteleza kwenye kokoto. Mkoba ukagonga mwamba, na nilipoufungua kichupa kilikuwa kimepasuka, tindikali imetoboa kitambaa na ukurasa mzima wa daftari. Niliogopa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepoteza dira, na Bwana Rajabu hakunikaripia, alinyamaza tu, na ule unyamavu wake uliniuma kuliko karipio. Nikapanda. Jiwe lilikuwa jeupe, limelala kwa mwelekeo ule ule wa marumaru ya ng'ambo. Nilitoa kisu nikakipitisha mara moja. Kiliacha mstari wa kijivu. Nauona mpaka leo, mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli. Nikajiambia kisu ni kibutu. Nikaketi kivulini, nikaandika kwenye ukurasa uliofuata ambao haukutoboka: marumaru, yamepimwa kwa tindikali, yanatoa povu. Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri.

Ningeweza kusema kwamba ilikuwa karatasi tu, na ingebaki karatasi, kama Mzee Shomari asingeuliza. Aliuliza siku ya pili, wakati wa chakula, kwa heshima aliyoiweka kila aliposema nami mambo ya kazi. "Binti, lile jiwe la kilima cha nyuma ni lile lile la ng'ambo?"

"Ndilo, baba."

"Maana mimi kwa macho naliona kama limekaza zaidi. Nilikuwa nafikiri nichome kipande kidogo kwanza, nilitazame tabia yake."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angechoma kipande kidogo, kingepasuka au kingetoka vile vile kilivyoingia, na yeye angejua, na mimi ningeaibika kidogo mbele ya kisamvu na watu wawili walionipenda. Nikasema, "Hakuna haja, baba. Tumeshalipima." Nilisema tumelipima, mimi na Bwana Rajabu, mimi na serikali, mimi na elimu yote. Akaitikia kwa kichwa. "Basi kama mmelipima," alisema, akaendelea kula.

Wanaume wa kijiji walikata kuni za tanuri kwa siku nyingi. Mzee Mbwana, jirani yetu mwenye shamba la minazi michache na maneno mengi, alitoa magogo ya mkwaju wake ulioanguka. Wanawake walibeba mawe kwa karai kutoka kilimani, na mimi nilibeba pamoja nao. Nilikuwa nimeanza kuamini nilichoandika. Hili huwa nashindwa kuwaeleza watu, kwamba uongo wangu mwenyewe ulinituliza. Bwana Rajabu alikuwa amekwenda Dar es Salaam na masanduku ya sampuli. Tanuri likawashwa asubuhi, watu wamekaa kwa mbali kwenye majani, watoto wanafukuzwa wasisogee, na Mzee Shomari analizunguka na ufito mrefu, amejifunga shuka kiunoni, anatoa amri. Sijawahi kumwona mtu aliyetimia kama yeye asubuhi ile. Karibu na adhuhuri mawe yakaanza kulia. Mwanzoni kama mahindi kwenye chungu, kisha kwa kishindo. Mzee Mbwana alipiga kelele wakae mbali. Mzee Shomari akasogea hatua mbili, nafikiri alitaka kulichomoa gogo moja ili apunguze moto, na hapo jiwe likapasuka mbele yake. Aliinua mkono usoni taratibu, kama mtu anayefuta jasho, na damu ikapita kati ya vidole.

Gari lililokuwa linapakia mahindi lilitupeleka hospitali Bagamoyo. Bi Tatu alimpakata kichwa chake njia nzima, amemfunika kwa kanga, na hakusema lolote isipokuwa dua. Jicho la kushoto halikuokolewa. Nilipoingia kumwona alikuwa amelala chali, bandeji nusu ya uso, akaijua sauti yangu kwenye salamu. "Usilie, binti," alisema. "Kosa ni langu. Kuni zilikuwa mbichi, halafu moto niliuzidisha kwa tamaa. Miaka mingi nimekaa bila kuchoma, mkono umesahau." Nilikuwa nimesimama pale na maneno yote kinywani. Nilimwambia, "Pumzika, baba." Hayo ndiyo niliyomwambia.

Bwana Rajabu aliporudi hakuuliza mbele za watu. Alinikuta chumbani, mlango wazi, akasimama kizingitini. "Ulikipima kile kilima?" Nikasema nilikipima. Akaenda mwenyewe na kichupa kipya. Alirudi alasiri, akaweka kipande cha jiwe jeupe juu ya daftari langu. Kisha akasema, "Hili lilikuwa mchanga, Zainabu. Halijawahi kuwa chokaa." Mchanga uliogeuzwa ukawa kwatzi hauchomeki, unapasuka, kwa sababu chembe zake hutanuka kwa ghafla ndani ya moto. Nilijua. Niliwahi kuyasoma hayo chuoni. Akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. "Mwambie kabla hatujaondoka. Mimi nitarekebisha ramani, ramani ni kazi yangu. Hilo lingine ni lako." Akalifuta lile neno langu kwa mstari mmoja, akaandika la kweli juu yake, akaweka tarehe. Hakuliandika jina langu kwenye ripoti kwa ubaya. Nadhani aliamini nitasema. Hakunifahamu vizuri.

Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Mzee Shomari alikaa na wenzake barazani waliporudi kutoka msikitini. Mimi nilikuwa ndani, kwenye kitanda cha kamba, chini ya lile dirisha. Alisema, "Jamani, nimewapotezea nguvu zenu na kuni zenu. Nilijitia kujua kitu ambacho nilikwisha kukisahau. Naomba mnisamehe." Kukawa na manung'uniko ya watu wanaosema yamekwisha. Mtu mmoja akasema, kwa mzaha usio mbaya sana, kwamba mchoma chokaa wa Mlingotini amechoma jicho lake. Wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao. Niliuma ncha ya kanga yangu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne. Mwezi uliofuata tulimaliza kazi, tukafunga mawe, na Bi Tatu akanipa kuku na maboga ya njiani. Bwana Rajabu, ndani ya gari, hakuniuliza tena. Alinitazama mara moja, akageuza uso kwenye dirisha, na nikajua amejua kuwa sikusema.

Nimefanya kazi ya miamba maisha yangu yote baada ya hapo, na watu wamenisifu kwa uangalifu. Vijana niliowafundisha walinitania kwamba Mama Zainabu hata chumvi ataipima kwanza. Niliwafundisha kwamba jiwe la mistari lenye vidonge vyekundu huenda lilikuwa tope, kwamba marumaru yanakumbuka bahari kwa povu, kwamba hakuna jiwe jeupe la kuaminiwa kwa macho. Sikuwaambia nilijifunzia wapi. Na kila Idi nilikwenda Miono, na mchele, na kanzu, na dawa za macho kwa lile jicho lililobaki. Mzee Shomari hakuchoma tena chochote. Msikiti ulipigwa saruji miaka mingi baadaye. Mtu akitaja chokaa alikuwa anasema, "Hilo waulizeni wanaojua." Aliniita mwanangu, akawaambia watu kwamba msichana aliyekaa kwake mwaka mmoja ana utu kuliko walioishi naye miaka kumi. Kila aliposema hivyo niliona ningeweza kumwambia, na kila mara niliona kwamba nikimwambia nitampoteza huyo mtu ambaye mzee alikuwa anamsifu. Nilimpenda huyo mtu. Nilitaka kuendelea kuwa yeye kwa siku moja zaidi, na siku zikawa miaka hii yote.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kula, niliingia chumbani kwa Bi Tatu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ndani ya nguo nyeupe za eda, amekuwa mdogo sana. Nilimpa mkono wa tanzia, nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia kichupa kilichopasuka. Sikujitetea. Alisikiliza akiwa ameshika tasbihi bila kuihesabu. Nilipomaliza aliiweka tasbihi mkekani.

"Mwaka jana ulikuja," alisema.

"Nilikuja, mama."

"Ukakaa naye kutwa nzima pale nje. Mkala ndizi."

"Ndiyo."

"Alikuwa mzima wa akili. Angekusikia." Aliinua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Taabu yangu mimi, ya kumwongoza njia na kumtia dawa, nimekusamehe mbele ya Mungu. Yake siwezi. Yake ilikuwa ya kwake, na wewe umemwacha akaondoka nayo." Nikainamisha kichwa. Akaendelea, "Unajua alikuwa anaamka alfajiri anatazama mikono yake? Ananiuliza, Tatu, hivi kweli nilisahau? Mtu husahau kitu alichokifanya tangu utoto? Nikamwambia husahau. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia hivyo." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Waliokata kuni wako barazani, waliobaki. Wote wanadhani mume wangu hakujua kazi yake. Nenda."

Nilitoka. Walikuwa wazee watatu kwenye jamvi, na Mzee Mbwana katikati, sasa hana meno na bado ana maneno. Niliwaamkia, wakaitikia, wakanifanyia nafasi kwa heshima ya mgeni anayeleta mchele. Nikakaa mbele yao na kusema kwamba jiwe la kilima cha nyuma halikuwa marumaru. Nikawaambia Mzee Shomari alitaka kulijaribu kwanza, mimi nikamkataza kwa uongo, na kwamba hakuna kuni wala mkono wa fundi yeyote duniani ambao ungelitoa chokaa jiwe lile. Hawakunikatisha. Nilipomaliza, Mzee Mbwana alifuta uso kwa kofia yake, akatazama uwanjani.

"Kwa hiyo Shomari alijua kuchoma," alisema.

"Alijua."

"Na sisi tulimcheka. Mimi ndiye niliyeanza ule mzaha wa jicho." Akamgeukia mwenzake wa kulia, ambaye alikuwa amesinzia au hasikii vizuri, akamshika bega akamtikisa. "Amka wewe. Kaa vizuri usikie habari ya Shomari." Kisha akanirudia mimi, macho yake mekundu, sauti yake kavu. "Sema tena. Sema kwa nguvu, huyu masikio yake hayafai, na walio jikoni nao wasikie. Anzia mwanzo."

Nikaanza tena.